Simu ya mtoto mdogo: kitufe, namba na mtu wa kupokea

Mtoto wa miaka minne hadi minane ana sababu chache za kupiga simu. Anataka kusikia sauti ya mzazi aliye mbali. Anataka kujua kama atafuatwa shuleni au apande daladala na kaka yake. Au kuna jambo limeharibika nyumbani, na mtu mzima aliyepo hawezi kusaidia. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai michezo, muziki au mtandao wa kijamii. Kinachotakiwa ni njia fupi ya kumfikia mtu anayejulikana, na mtu huyo awe tayari kupokea. Kwa miaka ishirini hivi kampuni za simu, watengenezaji wa saa na programu, pamoja na serikali kadhaa, wamekuwa wakibishana kama njia hiyo iwe kifaa cha mtoto mwenyewe, huduma maalumu ya mtandao, au simu ileile ya nyumbani iliyopangwa vizuri. Mabishano hayo huanza na kifaa, ilhali pa kuanzia ni mtoto: akiwa na simu mkononi, anaweza kufanya nini?

Kuongea kwa simu ni kazi ngumu kuliko watu wazima wanavyokumbuka. Bibi akimuuliza mjukuu wa miaka mitatu, "Umekula?", mtoto hutikisa kichwa na kunyamaza, maana bado hajaelewa kwamba bibi hamwoni. Akiwa na kiatu kipya, hukinyanyua mbele ya simu ili babu akitazame. Hajui zamu yake ya kusema imefika lini, na mazungumzo yakiwa katikati anaweza kuiweka simu sakafuni akaenda zake kucheza. Kufikia miaka mitano au sita wengi hujibu kwa maneno, hutaja jina lao kamili, na huweza kukariri namba ya tarakimu kumi wakifundishwa kwa mahadhi, kipande kwa kipande, kama wanavyokariri mambo mengine ya chekechea. Linalochelewa ni kueleza mahali. "Niko hapa" ndilo jibu la mtoto mdogo akiulizwa yuko wapi, na kwake yeye ni jibu kamili. Kutaja duka la pembeni, msikiti, kituo cha daladala au rangi ya geti huja baadaye, miaka saba au minane, na huja mapema kwa mtoto aliyezoezwa.

Picha hubadilisha hesabu hiyo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilishauri watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe skrini, lakini kikaacha mlango mmoja wazi: mazungumzo ya video na ndugu. Msingi wake upo. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 24 hadi 30 waliofundishwa maneno mapya ya vitendo. Waliofundishwa na mtu anayeongea nao papo kwa papo kwenye video walijifunza kama waliofundishwa na mtu aliyekaa nao chumbani. Waliooneshwa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Tofauti ililetwa na majibizano: mtoto akisema, upande wa pili unajibu alichosema yeye.

Jambo hilo lina uzito kwa familia nyingi za Mombasa, Tanga, Zanzibar na hata za bara, ambazo mama anafanya kazi Muscat, Riyadh au Doha na mtoto amebaki kwa bibi. Saa si kikwazo, maana Riyadh na Doha zinakwenda sawa na Dar es Salaam na Nairobi, na Muscat iko mbele kwa saa moja tu. Kikwazo ni bando na mtandao. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, na waliopo huko wamezoea kutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM, kwa hiyo bibi naye analazimika kuwa nayo. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuyapanga hayo. Anayemfaa ni mtu mzima wa kushika simu, kuielekeza usoni pake na kumrudisha kila anapotoka kwenye picha. Hiyo ni huduma kamili ya simu kwa umri huo, ingawa hakuna kampuni inayoiuza.

Suala la dharura ni tofauti, kwa sababu hapo mtu mzima ndiye anayekosekana. Tarehe 1 Desemba 2013, katika moteli moja mjini Marshall, jimbo la Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mume aliyekuwa ametengana naye. Binti yake wa miaka tisa alikuwa chumbani. Alikwenda kwenye simu akapiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kama alivyofundishwa, mara nne, na mara zote nne simu haikutoka. Katika moteli ile, kama katika hoteli na ofisi nyingi za wakati huo, ilibidi kubonyeza 9 kwanza ili kupata laini ya nje. Mama alifariki. Baba yake Kari, Hank Hunt, alianza kampeni iliyozaa sheria ya nchi nzima, Kari's Law, iliyotiwa saini Februari 2018: mifumo mipya ya simu za hoteli na ofisi nchini humo, kuanzia Februari 2020, lazima ipeleke 911 moja kwa moja, bila tarakimu ya ziada. Mtoto yule hakukosea lolote. Mfumo ulibuniwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anayepiga anaweza kuwa na miaka tisa.

Tarakimu ile ya ziada ipo hadi leo, imebadilika umbo tu. Sasa ni alama ya kidole au mchoro wa kufungulia simu ya mama. Mama akianguka bafuni, simu yake iliyojaa majina 300 ni kama haipo, mpaka mtoto ajue kwamba kwenye skrini iliyofungwa kuna neno "Dharura" na kwamba hapo panapigika. Namba ya dharura 112 imo katika kanuni za GSM zenyewe, ndiyo maana simu huikubali hata ikiwa imefungwa. Simu nyingi za kisasa pia humruhusu mwenye nazo kuweka majina mawili matatu ya ndugu katika taarifa za dharura, na ndugu hao hupigiwa bila simu kufunguliwa. Kuyaweka ni kazi ya dakika tano, lakini wengi hawajawahi kuifanya. Mtoto naye azoezwe kwa simu iliyozimwa, abonyeze na kutamka jina lake na mahali anapoishi, kwa sababu kuoneshwa mara moja kwa maneno hakumsaidii siku ya hofu.

Vifaa vya kupiga tu kwa ajili ya watoto vilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2005 Marekani ilipata Firefly, kisimu kidogo cha kutosha kiganja cha mtoto, kisicho na tarakimu. Kilikuwa na vitufe vitano: kimoja chenye alama ya mama, kingine ya baba, kimoja cha orodha ya majina, na viwili vya kupiga na kukata. Mzazi ndiye aliyeingiza namba kwa kutumia namba ya siri. Mwaka uliofuata kampuni ya Disney ilianzisha huduma yake ya simu, Disney Mobile, iliyomwezesha mzazi kuweka kikomo cha matumizi na kujua mtoto alipo. Ilifungwa mwishoni mwa 2007. Jina ambalo watoto wa nchi ile hulijua kabla hawajajua kusoma halikutosha kuibeba. Biashara ya namna hii ina ugonjwa wake wa kuzaliwa nao: mtoto wa miaka sita hufurahia kitufe chenye picha ya mama, wa miaka tisa hukionea aibu, na mteja anayedumu miaka mitatu ni mteja ghali.

Uingereza mambo yaliishia njiani. Simu iitwayo Mymo, iliyowalenga watoto wa miaka minne hadi minane, iliondolewa sokoni Januari 2005 na kampuni yake, Communic8, baada ya Sir William Stewart, mkuu wa bodi ya kinga dhidi ya mionzi, kueleza kwamba haoni sababu ya kuridhisha ya kuwapa simu watoto wa umri huo. Stewart aliwahi kusimamia ripoti ya mwaka 2000 iliyoshauri watoto wasihimizwe kutumia simu za mkononi pasipo lazima.

Japani huduma hiyo ilikubalika. Kampuni ya NTT DoCoMo ilitoa simu yake ya kwanza ya watoto mwaka 2006, ikiwa na kamba ya king'ora. Mtoto akiivuta, simu hulia kwa sauti kubwa, na mzazi hupata taarifa ya mahali alipo. Simu za aina hiyo zimeendelea kutengenezwa kwa sababu zilikuta desturi iliyokuwepo tayari. Mtoto wa Kijapani wa darasa la kwanza huenda shule kwa miguu pamoja na wenzake, na wengine hupanda treni peke yao. Simu haikuleta uhuru huo. Iliusindikiza tu, na hapo ndipo ilipo tofauti ya Japani na nchi ambazo mtoto hutolewa mlangoni kwa gari na kurudishwa mlangoni kwa gari.

Hofu ya mionzi iliingia hadi kwenye sheria. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 2010, ilipiga marufuku matangazo ya simu za mkononi yanayolenga watoto wa chini ya miaka 14, ikampa waziri uwezo wa kuzuia uuzaji wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa walio chini ya miaka sita. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi, na tangu Machi 2014 simu zilizobuniwa kwa watoto wa chini ya miaka saba haziruhusiwi kuuzwa huko. Sayansi yenyewe haijatoa hukumu kali kiasi hicho. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi la tahadhari zaidi kuliko la ushahidi. Baadaye utafiti mkubwa wa MOBI-Kids, uliofanyika katika nchi 14 kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, haukupata ushahidi kwamba simu husababisha uvimbe wa ubongo. Watoto wa chini ya miaka 10 hawakuwemo, kwa hiyo tahadhari kwao haijawa upuuzi. Lakini mtoto anayepiga simu ya dakika mbili kwa siku, tena kwa spika, hapati mawimbi ya kumkosesha mzazi usingizi.

Siku hizi mjadala umehama kutoka kwenye mionzi kwenda kwenye skrini. Agosti 2024 kampuni ya simu ya EE ya Uingereza iliwashauri wazazi wasiwape simujanja watoto wa chini ya miaka 11. Simu ya vitufe, ya kupiga na kutuma ujumbe, inawatosha. Kampuni inayouza simujanja kusema hivyo ni jambo la kushangaza kidogo, na linaonesha upepo ulivyogeuka. Huko Seattle, Marekani, kampuni ya Tin Can imeirudisha simu ya mezani: haina skrini, inatumia intaneti ya nyumbani, na hupiga au kupigiwa na namba zilizoidhinishwa na mzazi pekee. Watoto wanaoipata hawajawahi kuona simu yenye waya, na hukuta raha ileile waliyoijua bibi zao, ya kukaa sehemu moja na kuzungumza.

Simu hizo zote, tangu Firefly hadi Tin Can, zimesimama juu ya kitu kimoja: orodha. Mtoto anaweza kumpigia nani, na nani anaweza kumpigia? Orodha hiyo ikivuja, hakuna kilichobaki cha kuitwa huduma ya watoto. Saa za mkononi zenye laini, zinazopendwa sana China na kuuzwa sasa karibu kila mahali, ndizo zilizofundisha somo hilo kwa uchungu. Oktoba 2017 baraza la watumiaji la Norwei lilichapisha uchunguzi wa saa kadhaa za watoto. Baadhi zilimwezesha mtu baki kuingia kwenye akaunti, kuona mtoto alipo na hata kuwasiliana naye. Kitufe cha SOS hakikuaminika katika mojawapo, na katika nyingine orodha ya namba zilizoruhusiwa haikufanya kazi sawasawa. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri, ikawataka wazazi waziharibu. Ilibainika kwamba wazazi walizitumia kuwasikiliza walimu darasani. Programu nazo hazikusalimika. Messenger Kids ya Facebook, iliyozinduliwa Desemba 2017 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 kwa ahadi kwamba mzazi ndiye anayeidhinisha kila rafiki, iligundulika mwaka 2019 kuwa na kasoro iliyowaingiza watoto kwenye makundi pamoja na watu ambao wazazi wao hawakuwaidhinisha. Kifaa rahisi kwa mtoto huficha nyuma yake seva, akaunti na kampuni, na hapo ndipo pa kukagua kabla ya rangi na bei.

Afrika Mashariki mjadala una chanzo kingine kabisa. Simu ya mezani haikuwahi kuwa ya kila nyumba. Ilikuwa ya ofisi, ya hoteli na ya watu wachache mijini. Simu ilipoenea, ilikuja ikiwa ya mkononi, yaani ya mtu na si ya nyumba, na hufuatana na mwenyewe. Mama akienda sokoni, simu imekwenda sokoni. Baba akiwa kwenye bodaboda, simu iko barabarani. Mtoto aliyebaki na bibi mwenye kisukari au na dada wa kazi wa miaka kumi na minane hana simu ya kupiga, hata kama familia ina simu tatu. Kwa hiyo nyumba nyingi hazijakosa simu ya mtoto. Zimekosa simu isiyotoka nyumbani.

Pengo hilo huzibwa na kile ambacho Watanzania hukiita kitochi na Wakenya kabambe au mulika mwizi: simu ya vitufe yenye tochi, ya bei ndogo, ambayo betri yake hukaa siku kadhaa. Ikiwekwa rafuni mahali ambapo mtoto anafika, imekuwa simu ya nyumba. Vitufe halisi vina faida kwa vidole vidogo, kwani mtoto huvihisi, na hata gizani hukipata cha katikati. Simu nyingi za aina hii humruhusu mwenyewe kuifunga namba moja kwenye kitufe kimoja. Ukibonyeza 2 na kukishikilia, simu inampigia mama. 3 inampigia baba. 4 ni jirani. Kitufe cha 1 kwa kawaida huachwa kwa ajili ya ujumbe wa sauti. Kipande cha plasta yenye rangi kikibandikwa juu ya kitufe, au picha ndogo ya mama ikibandikwa mgongoni mwa simu na mstari ukaelekezwa kwenye kitufe chake, mtoto asiyejua kusoma ana simu ileile ambayo Firefly ilijaribu kuuza.

Wengi hawajui kwamba laini zenyewe zina uwezo wa kubana simu zinazotoka. Katika mipangilio ya usalama ya simu nyingi, mara nyingi chini ya herufi FDN, kuna orodha ya namba zinazoruhusiwa kupigwa. Ikishawashwa kwa namba ya siri ya pili ya laini, iitwayo PIN2, laini hukataa kupiga namba nyingine yoyote isipokuwa zilizomo na zile za dharura. PIN2 ikikosewa mara tatu hujifunga, kwa hiyo ni vyema kuiomba kwa mtoa huduma badala ya kubahatisha. Njia hii ina upungufu mmoja ambao lazima usemwe: haizuii simu zinazoingia. Mtoto bado anaweza kupokea simu ya yeyote, wakiwemo matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Dawa ni laini isiyo na akaunti ya pesa, namba isiyogawiwa ovyo, na mtoto aliyefundishwa kwamba simu isiyotokea na picha au jina analolijua haipokelewi, na kwamba swali la "nani yuko nyumbani?" halijibiwi kamwe.

Salio ndilo linalovuruga mipango yote hiyo, kwa sababu simu ya nyumba huishiwa vocha na hakuna anayejua mpaka siku inapohitajika. Kupokea ni bure katika nchi zetu, na watoto wamekuwa wakiutumia mwanya huo kwa miaka: wanabipu, mama anapiga. Kubipu ni huduma ya watoto ambayo hakuna aliyeibuni kwa ajili yao, na inafanya kazi vizuri mradi kwenye laini kuna senti kidogo ya kuita na mama anafahamu kwamba mlio mmoja kutoka nyumbani maana yake ni kupiga mara moja. Mitandao nayo ina ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", lakini unadai kusoma na kufuata hatua. Kwa mtoto njia iliyo nyepesi zaidi ni kama ile Reverse Call ya Safaricom, ambapo alama ya # huwekwa mbele ya namba na anayepokea ndiye anayelipa, baada ya kukubali. Namba ya mama ikiwa imehifadhiwa tayari na alama hiyo mbele yake, salio halina tena neno.

Ipo pia simu ambayo haiwezi kupigwa kwa mama wala kwa jirani, kwa sababu tatizo ni wao. Kwa ajili yake Kenya, Tanzania na Uganda zina namba moja ya kusaidia watoto, 116, isiyolipiwa. Kenya ilianza nayo mwaka 2006 kupitia Childline Kenya, Tanzania mwaka 2013 kupitia C-Sema, na Uganda mwaka 2014 kwa jina la Sauti 116. Tarakimu tatu zinazofanana mipakani si jambo dogo, maana mtoto aliyehamishwa kutoka Namanga upande mmoja kwenda upande wa pili habadilishi namba. India ilitangulia kwa 1098, iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1996 na Jeroo Billimoria kwa ajili ya watoto wa mitaani, wengi wao wasiojua kusoma. Tarakimu zake ziliteuliwa kwa mshuko, kumi, tisa, nane, ili zikae kichwani. Uingereza ilikuwa na Childline yake tangu 1986.

Huduma hizi ndizo zinazoonesha gharama halisi iko wapi. Namba tatu si ghali. Ghali ni mtu aliyekaa upande wa pili saa sita za usiku, aliyefunzwa kutokata simu ya kimya. Sehemu kubwa ya simu zinazoingia kwenye vituo kama hivi huwa ni za utani, kicheko cha watoto watatu waliojibanza nyuma ya mlango, au kimya kitupu. Mshauri mzoefu huzipokea kwa upole, kwa sababu mtoto mwenye shida halisi mara nyingi hupima kwanza: hupiga akakata, hupiga akacheka, kisha hupiga akasema. Mtoto akiadhibiwa kwa kuichezea 116 hataipiga tena siku ya siku. Kwa upande mwingine, mtoto mdogo sana ni nadra kuipiga mwenyewe. Wanaopiga kwa ajili yake ni dada, mwalimu au jirani, na kwa umri wa chini ya miaka sita namba hiyo inafaa kufundishwa watu wanaomzunguka kuliko yeye.

Shuleni hitaji la simu ya mtoto ni dogo kuliko linavyozungumzwa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuingia na simu katika shule za Kenya na Tanzania, na mtoto akiumwa, anayepiga ni mwalimu au matroni. Lililokuwa zito ni bweni la watoto wadogo, na mwaka 2023 Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali maalumu. Hatua hiyo imepunguza kilio cha usiku cha watoto wa miaka saba kuliko simu yoyote ingeweza.

Wanaobaki na haja ya kifaa chao wenyewe ni wachache, na wanajulikana. Ni mtoto anayeishi nyumba mbili baada ya wazazi kuachana, ambaye kumpigia mzazi mmoja kwa simu ya mwingine kunamweka katikati ya ugomvi. Ni mtoto mwenye kifafa, pumu kali au kisukari anayetembea mwendo mrefu bila mtu mzima. Ni mtoto anayemlea bibi asiyeona, kinyume cha mambo yanavyotakiwa kuwa, na wapo wengi. Kwa hao kitochi chenye namba nne kinatosha, kikiwa kimeshonewa mfuko kwenye begi ili kisianguke wala kuvutia macho ya konda. Kwa mtoto mwingine anayekwenda shule na kurudi akiwa na wenzake, namba ya mzazi iliyoshonwa ndani ya ukosi wa sweta na ileile iliyokaririwa kichwani zitafanya kazi pamoja na simu ya mwenye duka lolote.

Laini ya kitochi hicho mtoto hawezi kuisajili mwenyewe. Katika Tanzania na Kenya laini ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi kwa kitambulisho chake, na yeye ndiye anayewajibika kwa kila kinachofanywa nayo. Ni busara kuisajili mahsusi badala ya kumpa mtoto laini ya zamani ya mjomba, ambayo bado ina madeni ya mikopo ya simu na wadai wanaoipiga alfajiri. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na mtandao, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Simu inayowekwa kwa ajili ya dharura peke yake ndiyo inayofungwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakuna anayeigusa. Kumpigia shangazi kila Jumapili kunatosha kuifanya laini iendelee kuwa hai, na papo hapo kunaonesha kama betri ina chaji, kama salio lipo, na kama mtoto bado anakumbuka kitufe cha mama ni kipi.